Masikio ya Ng'ombe wa Senteu

Mtu aliyepita Karatu miaka ile ya sabini na kusoma bango lenye herufi zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini, huyo alikuwa amesoma mkono wa Felisiani Tluway wa Qurus. Zahanati, ghala la kijiji, mashine ya kusaga, ubavu wa basi la kwenda Mbulu, vyote vilipita chini ya brashi yake. Hakuwa tajiri, hakuwa mlevi, na hakuwa na haraka. Brashi zake tatu alizisafisha kwa mafuta ya taa kila jioni, hata miaka ambayo mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, kisha akazilaza ndani ya soksi kuukuu ya sufu, kama mtu anayelaza watoto. Mkewe Lusia alikuwa akiwaambia majirani kwamba Felisiani itabidi aandike msalaba wa kaburi lake mwenyewe mapema, maana ukiandikwa na fundi mwingine atafufuka kuja kuurekebisha.

Alikuwa na udhaifu mmoja, nao haufai kufichwa kwa sababu tu alikuwa mtu mwema. Alilipenda jina lake. Kona ya chini, upande wa kulia, hakosi kuandika F. Tluway na mwaka. Padre alipompa kazi ya kupaka upya picha za njia ya msalaba alimkataza kabisa, na Felisiani akaitikia kwa adabu. Mwezi haukuisha, mama mmoja aliyekuwa amepiga magoti karibu na ukuta akaliona jina, dogo kama chawa, kwenye soli ya kiatu cha askari wa Kirumi.

Mwaka 1974 Hoteli ya Ukingoni, iliyosimama juu kabisa ambako ardhi inakatika na kreta inaanza, ilimwita. Kampuni ilitaka picha ukuta mzima wa ukumbi wa chakula: kreta, mawingu, na mifugo ya Wamasai ikishuka kunywa maji. Ukuta ulikuwa wao. Rangi ya mafuta, makopo kumi na nne, ililetwa na gari lao kutoka Arusha. Aliletwa pia mchoraji wao wa ramani, kijana mrefu aitwaye Clemensi, aliyevaa miwani na kuupima ukuta kwa kamba na penseli kabla hajatia hata tone la rangi.

Walielewana vizuri. Clemensi alichora kreta na mbingu, na aliijua kazi yake. Mawingu yake yalikuwa na uzito, mtu aliyakodolea macho akahisi baridi. Felisiani alipewa mifugo.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba fundi huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Mkaguzi wa hoteli alimwambia achore ng'ombe wowote, wageni hawatajua tofauti. Felisiani akasema yeye atajua. Akaomba ruhusa, akapanda hadi upande wa Nainokanoka, kwenye boma la mzee Senteu, ambaye walifahamiana tangu Senteu alipokuwa akishuka Qurus kubadilishana mbuzi kwa mahindi.

"Unataka ng'ombe wangu wakae ukutani kwa Wazungu," Senteu alisema baada ya kusikiliza. "Watakula nini huko?"

"Wataangalia watu wakila, mzee."

Senteu alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akatoa sharti lake. Ng'ombe wake walikatwa sikio kwa namna moja, ukoo wake wote, na ubavuni walikuwa na chapa ya moto. Atawatoa, lakini waende na alama zao. "Ukiwachora bila alama, utakuwa umewaokota porini. Mtu akija kuuliza ni wa nani, utamjibu nini? Utasema ni wa hoteli?"

"Nitawachora kama walivyo. Nakupa neno langu."

"Neno la Mwiraki," alisema Senteu, kwa utani wa makabila yaliyowahi kupigana na sasa yanauziana nafaka. "Haya. Tutaliona."

Siku tisa Felisiani alikaa pale na daftari la shule. Naisenya, mke mkubwa wa Senteu, ndiye aliyemfundisha ng'ombe mmoja mmoja: huyu mwekundu hukataa kukamuliwa na mtu mwingine, huyu wa madoa ya kijivu pembe yake ilikunjika tangu utoto, yule mweusi mwenye tumbo jeupe ni binti ya yule. Siku ya kwanza Felisiani alinyoosha kidole akaanza, moja, mbili, tatu, na Naisenya akakipiga kile kidole kwa mwiko. Ng'ombe hawahesabiwi. Wanatambuliwa. Tangu hapo alihesabu kimoyomoyo tu, akapata kumi na tisa, na hakumwambia mtu.

Kazi ilichukua wiki saba. Wiki ya sita Clemensi aliitwa arudi ofisini Arusha, mbingu ikiwa imekauka. Felisiani akabaki peke yake, akatia alama mwisho kabisa, kwa brashi nyembamba: kila sikio na mkato wake, kila ubavu na chapa yake. Halafu akashuka ngazini, akainama kwenye kona ya chini upande wa kulia, akaandika F. Tluway 1974. Kwa picha yote. Haikumpitia akilini kwamba nusu ya ukuta ule hakuugusa.

Senteu aliletwa kuiona. Aliingia ukumbini na shuka lake jekundu, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, akausogelea ukuta, akaanza kusalimia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina yao. Wahudumu walisimama na sinia mikononi. Alipofika kwa yule wa madoa ya kijivu alisimama.

"Pembe yake imekunjika upande huu."

Felisiani aliangalia daftari lake. Mzee alikuwa sahihi. Rangi ilikuwa bado ipo, pembe ikahamishwa siku ileile, na Senteu akaenda zake ameridhika. Kuanzia hapo walikuwa marafiki wa kweli. Senteu hakushuka Karatu bila kupita Qurus kunywa chai ya Lusia, yenye maziwa mengi na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na Felisiani hakukosa mwaliko hata mmoja bomani.

Miaka ikaenda. Mpaka wa kaskazini ukafungwa, wageni wakapungua, vita vikaja vikaisha, na madukani kukabaki viberiti na ahadi. Hoteli ya Ukingoni ilitafuta namna ya kukumbukwa, na mwaka 1983 ikatoa kalenda. Karatasi moja kubwa, picha ya ukutani juu, miezi kumi na miwili chini, kwa rangi. Wakati ule ambapo hata daftari lilikuwa kitu cha kuombea, kalenda ile ilishika kila ukuta kuanzia Karatu hadi Piyaya. Chini yake iliandikwa kwa herufi nyeusi: Mchoro wa Kampuni ya Ukingoni.

Felisiani aliiona kwanza kwenye duka lililoko karibu na stendi. Alitafuta jina lake kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Palikuwa na nyasi. Alirudi nyumbani na kalenda ameikunja chini ya kwapa, akakaa, na Lusia hakumuuliza kitu mpaka ugali ulipopoa.

"Wamenifuta," alisema.

"Wamekufuta kwenye karatasi," Lusia alijibu. "Hapa kwangu bado upo, na kuni hazijapasuliwa."

Kwa uchungu wa jina lake hakutazama zaidi ya kona ile. Hilo ndilo kosa lake, na alilikiri baadaye mbele ya watu. Aliyetazama vizuri alikuwa Kisioki, mzee wa rika moja na Senteu, mtu mwenye ulimi wa pilipili, aliyeikuta kalenda imetundikwa zahanati alikompeleka mjukuu. Jumatano ya mnada alimkuta Felisiani kwenye kibanda cha nyama, akamsalimia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye zizi.

"Sopai, fundi."

"Ipa, mzee wangu."

"Nasikia una ng'ombe siku hizi."

"Mimi? Nina mbuzi wanne."

"Basi ni wa nani wale wa kwenye karatasi? Nimewaona. Wanafanana na wa Senteu kwa rangi, lakini masikio mazima. Ubavu hauna kitu. Huku kwetu mtu akifuta alama za ng'ombe wa mwenzake tuna jina lake." Akauma nyama, akatafuna taratibu. "Sisi tulimwambia Senteu zamani, usimpe Mwiraki ng'ombe, hata wa kuchora."

Watu walicheka. Felisiani hakucheka. Alikwenda hadi kwenye duka la stendi, akasimama mbele ya kalenda, na safari hii akatazama ng'ombe. Masikio ya ng'ombe wote kumi na tisa, mviringo na laini. Mbavu safi kama sahani.

Siku tatu baadaye Senteu alifika Qurus. Alikuwa amepata lifti ya lori hadi Karatu, kutoka hapo akatembea. Lusia alimwona toka mbali, akaenda stoo kuchukua sukari ya mwisho, robo kilo aliyokuwa ameificha kwa ajili ya kipaimara cha binti yao, akaimimina karibu yote. Senteu hakukaa. Alisimama mlangoni na fimbo yake begani.

"Karibu chai, baba," alisema Lusia.

"Asante, mama. Sitakunywa."

Felisiani alisema kwamba si yeye aliyefuta, kwamba ukutani alama zipo, kwamba hata jina lake limefutwa. Senteu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua si wewe," alisema. "Lakini mimi sikuipa kampuni ng'ombe. Nilikupa wewe. Wenzangu wananiuliza, nami sina wa kumuuliza ila wewe." Akaitazama chai, ambayo mvuke wake ulikuwa unapanda. "Nitakunywa wakirudi."

Akaondoka. Chai ile aliinywa jirani, kwa sababu Felisiani hakuweza kuitazama.

Jumatatu alivaa koti lake la Jumapili, akapanda Ukingoni. Meneja wakati huo alikuwa Bwana Martini, mtu wa tai na dawa za tumbo, aliyekuwa akiiendesha hoteli ya vitanda tisini kwa wageni kumi. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba kitu chenye muhuri kimekwisha.

"Mzee Felisiani, ukuta ni wa nani?"

"Wa kampuni."

"Rangi?"

"Ya kampuni."

"Na kazi ulifanya, ukapewa haki yako, ukatia sahihi?"

"Nilitia. Sijaja kudai pesa, Bwana Martini. Ukuta ni wenu, sikatai. Lakini ukiazimwa jembe na jirani ukalime shamba lako, mazao ni yako. Jembe je?"

Martini alijipapasa tumbo. Akatoa karatasi iliyokwisha pigwa chapa, maana alikuwa ameshasikia kwamba fundi ananung'unika. Mwakani wakitoa kalenda nyingine, alisema, jina la Felisiani Tluway litachapwa kamili, si herufi ya kwanza tu, kwa wino mweusi, nakala elfu mbili. Anachotakiwa ni kutia sahihi hapa. Na masikio? Masikio yatazungumzwa.

Felisiani aliisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, herufi kwa herufi. Ilisema kwamba picha hiyo, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, ni mali ya kampuni daima, na kwamba yeye, mchoraji pekee, anakubali. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri mno. Alishika peni. Nakala elfu mbili, Felisiani Tluway, kuanzia Mbulu hadi Loliondo. Mkono ulikuwa umeshashuka karibu na karatasi ulipokutana tena na yale maneno, vyote vilivyomo ndani yake. Akamwona Senteu amesimama mlangoni. Alikuwa anaombwa atie sahihi ng'ombe kumi na tisa ambao hakuwahi kuwa nao.

"Hawa siwezi kuwatoa," alisema. "Si wangu."

"Na mbingu je?" iliuliza sauti nyuma yake.

Alikuwa Clemensi. Nywele zilianza kumtoka na miwani ilikuwa minene zaidi. Alikuwa amekuja toka Arusha kupima mabomba ya maji, akaambiwa nani yuko kwa meneja. Felisiani alisimama kumkumbatia. Clemensi alikubali kukumbatiwa, lakini hakuacha swali lake.

"Umeandikwa hapo mchoraji pekee. Mbingu yangu ilichorwa na nani? Kila nikija hapa nakula chakula cha mchana chini ya jina lako. Miaka tisa, kaka. Mawingu yangu, F. Tluway. Kreta yangu, F. Tluway. Nilikuwa najiambia labda ni mwandiko wa kiwanda cha rangi."

Felisiani alirudi akakaa, na aibu aliyoihisi ilikuwa kubwa kuliko hasira yote aliyopanda nayo mlima. Aliyokuja kuilaumu kampuni kwayo, yeye mwenyewe alikuwa ameyafanya kwa brashi ndogo, kwenye kona ya chini, bila hata karatasi. Kampuni ilijiona inamiliki kwa sababu ya ukuta. Yeye alijiona anamiliki kwa sababu ya mkono. Na hapa pana neno la kusemwa wazi: kukosa muhuri hakuifanyi dhuluma kuwa adabu.

"Nisamehe," alisema. "Sikufikiri."

"Najua hukufikiri," Clemensi alisema. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi nami nina langu. Nakala iliyokwenda kiwandani kuchapwa kalenda niliichora mimi. Niliuona ukuta, nikaona masikio yamemomonyoka, nikasema ni mvuke wa jikoni umekula rangi. Ubavuni nikaona mikwaruzo, nikasema viti vya wageni. Nikakuzibia kote. Nilitaka kazi yako itoke ikiwa nzima."

"Ulinisaidia."

"Nilikusaidia sana. Ila jina lako nililiruka makusudi. Hapo sikukusaidia."

Felisiani alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na Clemensi akafuata. Hata Martini alitabasamu kidogo kabla hajashika tumbo.

"Sasa mnataka nini?" aliuliza. "Karatasi ya kuchapa upya haipo. Hata nikitaka, haipo."

"Zimebaki ngapi?" Felisiani aliuliza.

"Mia nne, stoo."

"Nipe ruhusa nizirekebishe kwa mkono. Na ruhusa ya kushika ile kona ya ukuta."

Martini aliitazama karatasi yake isiyo na sahihi. Alijua, kama meneja yeyote, kwamba mali ya kampuni haiguswi ovyo. Alijua pia kwamba mwaka ulikuwa umeshafika mwezi wa nne, na kalenda za stoo zingeishia kufungia vitumbua. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye faili. "Wino ni wenu," alisema.

Kwa Jumamosi saba wawili hao walikaa kwenye stoo ya hoteli, kati ya magunia ya viazi, wakirudisha masikio. Felisiani alikata kwa kalamu ya wino, Clemensi akatia chapa ubavuni kwa rula, maana hakuweza kufanya jambo lolote bila rula. Ukutani, jina la zamani lilifunikwa kwa nyasi. Mahali pake paliandikwa mistari mitatu: mbingu na kreta, Clemensi; mkono wa mifugo, F. Tluway; ng'ombe ni wa Senteu. Ukuta hawakuuandika ni wa nani. Mwenye ukuta hana haja ya kukumbushwa.

Kalenda zilizokwisha tawanyika Felisiani alizifuata mwenyewe kwa miguu. Aliingia dukani, akaomba kiti, akapanda, akarekebisha. Wenye maduka walizoea. Mmoja alimuuliza kama anawatoboa ng'ombe masikio ili wavae hereni. Zahanati, mbele ya wagonjwa, mjukuu wa Kisioki alimshikia kiti.

Mwezi wa saba Senteu alifika Qurus. Kalenda ilikuwa imetundikwa sebuleni, juu ya meza. Hakusalimia mtu kwanza. Alisogea, macho yakaenda kwa ng'ombe mmoja mmoja, midomo ikitaja majina bila sauti. Felisiani alisimama nyuma yake kama mwanafunzi anayesahihishiwa. Lusia alikuwa mlangoni na birika.

Kidole cha Senteu kilisimama.

"Mweusi wa tumbo jeupe."

"Ana nini?"

"Umemkata sikio la upande mwingine. Huyo sasa ni wa ukoo wa kina Lengai."

Felisiani alisogea. Ilikuwa kweli. Kati ya masikio maelfu aliyokata, alikuwa ameliharibu moja, na katika kalenda ya nyumbani kwake mwenyewe. Akaenda kuleta kalamu. Akalijaza sikio lile kwa wino mweusi, akakata lililo sahihi, akapuliza likauke. Senteu alisubiri. Halafu akaweka fimbo yake pembeni ya mlango, akavuta kiti, akakaa.

"Mama," alisema, "ile chai iko wapi?"

"Ile aliinywa jirani," alisema Lusia, akimimina. "Na sukari iliisha siku ileile. Utakunywa hivihivi."

Senteu akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakunja uso, akanyoosha mkono aongezewe.